Rangi ya Maji Juu ya Rangi ya Mafuta

Nekesa mwanangu,

Umetoka kwenda kusukwa, na kwa jinsi ninavyomjua msusi wako na hadithi zake, hutarudi kabla ugali haujapoa. Ndiyo maana nimepata nafasi. Nimekaa kwenye benchi ya kazi hapa nyuma ya nyumba, nimesukuma mikebe kando, na ukiona duara la kijani limejichapa kwenye hii karatasi usicheke. Nimeifuta benchi na bado.

Maagizo ya safari sitakuandikia. Mama yako ameyachukua yote. Tangu asubuhi anazunguka nyumba akiongea peke yake: njugu ziko begi la kati, sweta isikae chini, usikubali kinywaji cha mtu usiyemjua, ukifika upige simu kabla hujavua viatu. Nikijaribu kuongeza langu ananiambia nisikuchanganye. Basi nimemwachia.

Mimi nina jambo moja tu, lile ambalo hatujaliongea tangu ile siku ya godauni. Umenistahi, hukuniuliza. Ungeniuliza ningekujibu kwa ukali, najijua, mtu akiwa na aibu hupandisha sauti. Lakini kesho unaenda Nairobi kuchora kuta pamoja na wale wenzako, na mimi naogopa. Niseme hivyo tu bila kuzungusha. Naogopa watakuchukua kama walivyomchukua Brayo mwenzako, na siku hiyo ikifika sina mtu wa kumpigia simu. Mchana kutwa nimekuwa nikijiuliza ni nani mkubwa ninayemjua. Wakubwa wote ninaowajua ni wale niliowapakia rangi milango, na hawajui hata jina langu. Wananiita Fundi.

Acha nianzie mbali kidogo, kwa sababu ya godauni hayaeleweki bila ya Mama Shiru.

Ulikuwa hujaanza hata shule ya chekechea mwaka ule mji ulipochomwa baada ya kura. Tulikuwa tunakaa Langas, nyuma ya mstari wa vibanda vya mbao. Kimoja kilikuwa changu, cha mabango. Cha pili kilikuwa cha Mama Shiru, mshonaji. Cha tatu kilikuwa cha Mama Chebet aliyeuza maziwa na mursik, yale ya kugandishwa kwenye kibuyu. Mama yako alikuwa anashinda sokoni na mboga, kwa hivyo wewe ulilelewa chini ya cherehani ya Mama Shiru, juu ya rundo la vitambaa alivyokata. Ile sauti ya cherehani ndiyo ilikuwa inakulaza. Ulipobatizwa ulivaa gauni alilokushonea kwa masalio ya pazia la mtu, na hakuna aliyejua isipokuwa sisi na mwenye pazia, ambaye alikuwa amekaa kiti cha mbele kanisani.

Kabila la Mama Shiru ndilo lililokuwa linafukuzwa mjini. Letu halikuguswa mwaka ule. Sikufanya lolote la kustahili hiyo bahati, ilikuwa tu kura zimeangukia hivyo, na nakuomba usije ukasimulia hadithi hii kana kwamba sisi tulikuwa watu wazuri. Habari zilikuja kwamba vijana wanatembea na petroli wakisoma milango. Mlango wenye jina la wenyeji unapitwa. Mlango usio na jina, au wenye jina lingine, unachomwa. Basi watu wakaanza kuandika. Waliandika kwa makaa, kwa chaki, kwa oili chafu ya gari, kwa chochote kilichokuwa karibu. HAPA NI KWA KIPROP. HII NI YA KOECH. Herufi zimelala, nyingine zimekosewa, oili inachuruzika mpaka chini. Barabara nzima ilikuwa imeandikwa na mikono inayotetemeka.

Mama Chebet, ambaye ni mwenyeji, akamwambia Mama Shiru, "Weka jina langu. Wakija nitasimama hapo niseme ni kwangu." Na Mama Shiru akaja kwangu, mtoto mmoja mgongoni.

"Baba Nekesa, niandikie haraka. Andika tu Chebet, inatosha."

Nikamwambia aingie kwetu akae na wewe, mengine aniachie mimi.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nilitoa kamba nikapiga mistari ya chaki, wa juu na wa chini. Nikapima. Nikafungua mkebe mpya wa rangi ya mafuta, nyekundu, nikaandika CHEBET TAILORING kwa herufi zilizonyooka kama askari kwenye gwaride, kisha nikazitia kivuli cheusi upande wa kulia ili zionekane zimetoka nje. Chini nikaongeza kwa herufi ndogo, Sare za Shule na Nguo za Akina Mama. Mkono wangu uliposhika brashi ukatulia. Tena nitakuambia kitu ambacho hata mama yako sijamwambia. Nilifurahi. Kwa ule muda mfupi nilisahau moshi, nikarudi nyuma kidogo kuangalia kama imekaa sawa, na ilikuwa imekaa sawa.

Vijana walipofika waliipita ile milango yote ya makaa. Ya oili wakaipita. Walipofika kwenye yangu wakasimama. Mama Chebet alikuwa pale, yeye ndiye aliyenisimulia. Kijana mmoja aliweka kidole juu ya ile C, akakitoa chekundu. Akawaonyesha wenzake, akacheka.

"Nani anaandikisha bango siku kama ya leo?"

"Ni kwangu!" Mama Chebet akapiga kelele. "Jina ni langu, niulizeni mimi!"

"Mama, kaa kando tafadhali." Walimwambia kwa heshima kabisa. Halafu wakachoma.

Mlikuwa ndani ya nyumba yetu, wewe na Mama Shiru na mtoto wake, chini ya kitanda. Alijua kwa harufu. Alisema tu, "Hizo ni sare za Januari." Alikuwa amezimaliza zote, zimepigwa pasi, zinangoja shule kufunguliwa. Cherehani tuliikuta baadaye kwenye majivu, imejikunja.

Kanisa lilipata lori likampeleka uwanja wa maonyesho pamoja na wengine, wakakaa kwenye hema. Nilimfuata huko na unga na sabuni. Nilikuwa nimejiandaa anitukane, ingenisaidia. Aliupokea unga, akasema, "Uliandika vizuri sana, Baba Nekesa." Hakuwa na hasira. Alikuwa anasema tu kilichotokea. Nimesifiwa kazi yangu na watu wengi, hiyo ndiyo sifa ambayo mpaka leo nikiikumbuka naweka brashi chini. Baadaye walihamishwa kwenda upande wa Nakuru, simu yake ikawa haipatikani, na sisi tukaendelea kuishi.

Mvua zilipoanza, wakati watu wa kina Mama Shiru bado wako hemani, niliitwa Elgon View, mtaa wa matajiri, kupaka geti. Mwenye lile geti ni yule ambaye mimi na mama yako tunamwita Mwenye Geti, unamjua. Ni geti refu la chuma, juu limepangwa vichwa vya mikuki, na anataka kila mkuki uwe wa dhahabu. Nikiwa juu ya ngazi niliwaona barazani, yeye na rafiki yake, na huyo rafiki alikuwa wa kabila lile lile lililofukuzwa. Walikuwa wanakunywa chai. Hakuna aliyekuwa amemkimbia mwenzake, hakuna aliyekuwa amemchomea mwenzake. Walikuwa wanazungumzia kipande cha ardhi kule Langas ambacho sasa kilikuwa kimebaki wazi, vibanda vyote vimeungua au vimevunjwa. Nilielewa upesi ni kipande gani. Chai yao ilikuwa na tangawizi, harufu ilinifikia pale juu.

"Fundi," akaniita, "hiyo dhahabu iwe inang'aa, eh?"

"Itang'aa, Mzee."

Na iling'aa. Mwanangu, niliona kila kitu siku ile. Nilimwona akilini yule kijana mwenye kidole chekundu ambaye hakuwa na kazi, nikamwona Mama Shiru, nikaona ni nani aliyebaki na kitu mkononi baada ya wote wawili kupoteza. Niliona wazi kabisa, nikiwa na brashi mkononi, na sikujua nikipeleke wapi nilichokiona. Nikapaka mkuki unaofuata. Nimelipaka lile geti kila Desemba tangu hapo. Na pale palipokuwa na vibanda vyetu ikasimama godauni yake, ghala refu la saruji.

Uchaguzi uliofuata nilichora wagombea, na uliofuata tena. Nilichora wa vyama vyote. Ulikuwa unanicheka kwa sababu nilikuwa na suti moja tu, naichora kwenye mabango yote, nabadilisha kichwa. Ulipokuwa darasa la nne au la tano uliniuliza, "Baba, hawa wote ni ndugu?" Nilicheka sana nikakuambia ndiyo. Sijui kama nilikuwa natania.

Halafu ukakua wewe. Nilidhani ninakufundisha kazi ya kula, kumbe nilikuwa nakufundisha kitu kingine. Ulimaliza chuo, cheti kikakaa juu ya kabati mpaka mama yako akaanza kukipangusa pamoja na picha za harusi. Ulituma maombi kila mahali. Wenzako walikuwa hivyo hivyo, Brayo na digrii yake anaendesha pikipiki ya mtu. Ndipo vijana wakaanza kuingia barabarani, kwa ajili ya kodi na bei ya unga na watu walioiba wazi wazi, na nyumba yangu ikajaa makatoni ya madukani na vijana wasiovua viatu.

Ile jioni mlipokuwa mnaandika mabango sebuleni, nilijitahidi kukaa na gazeti langu. Nilishindwa.

"Hiyo herufi imelala," nikakuambia.

"Baba, hii si ya duka la viatu. Hii watu watasoma wakikimbia."

Brayo akacheka mpaka akamwaga chai. "Mzee, si utuchoree hata moja? Yako itakuwa noma sana."

Nilikataa. Nikakuambia tu kama itasomwa mtu akikimbia basi inenepeshe, acha nafasi kati ya maneno, na usitumie njano kwenye katoni, haionekani. Ukanenepesha. Yalitoka mabaya sana yale mabango, mwanangu, mistari imepinda, rangi imevuka. Kesho yake niliyaona mjini kutoka mbali, juu ya vichwa vya watu, nikayasoma yote nikiwa ng'ambo ya barabara. Nikakumbuka ile milango ya makaa iliyopona. Nilitaka kukuambia lakini ulikuwa mbele na mimi nilikuwa nimesimama kwenye kivuli cha duka la dawa kama mtu anayesubiri mgonjwa.

Na hakuna kilichobadilika, hilo tunalijua wote wawili. Unga haukushuka. Wiki chache baadaye watu wasio na sare wakaja kwa kina Brayo na gari lisilo na namba, wakambeba. Mama yake alikimbia nyuma ya lile gari mpaka slipa zikakatika. Brayo alirudishwa, tunashukuru, wengine hawakurudishwa. Lakini wewe umemwona. Anakaa mlangoni kwao mchana kutwa, mikono ameifinyia mapajani, na ukimpa kikombe anakiangalia kwanza. Nilidhani hilo litakurudisha nyuma. Nilifikia hata kumshukuru Mungu kwa siri kwamba umeona mwenyewe, nami sitahitaji kukukataza. Tazama baba yako alivyo, kutafuta faraja kwenye mikono ya mtoto wa watu.

Badala yake ukachora ule ukuta.

Hukujua palikuwa mahali gani. Ulichagua ukuta wa nyuma wa godauni kwa sababu ni mrefu na unaonekana kutoka barabara kubwa, hivyo ndivyo fundi yeyote angechagua. Hukujua kwamba yule mwanamke uliyemchora, aliyeinama juu ya sufuria ya maji matupu, ulimweka karibu kabisa na palipokuwa cherehani. Nilipita asubuhi nikaenda kuangalia kama watu wengine. Nikaona mtoto mgongoni mwake anachungulia. Nikaona ndani ya maji ya sufuria kuna kivuli cha geti, na vichwa vya mikuki, na nikaitambua ile dhahabu. Ilikuwa dhahabu yangu. Mkebe uliobaki Desemba, ambao nilikuwa nimeutafuta nikalaumu panya. Kulikuwa na mama mmoja na kikapu cha nyanya kichwani, alisimama mbele ya ile picha mpaka nyanya moja ikaanguka, hakuiokota. Mimi katika maisha yangu yote sijawahi kuchora kitu mtu akasimama. Watu husoma bango langu wanaingia kununua misumari.

Na chini kwenye kona ulikuwa umeweka N, na baada yake jina letu. Mimi ndiye niliyekufundisha. Tulipokuwa tukisafiri ulikuwa unatafuta jina langu kwenye kona za mabango, kuanzia lile la Chepsaita nililochora nikiwa bado kijana, mpaka lile la bucha pale Cheptiret lenye ng'ombe anayetabasamu. Nilikuambia kazi isiyo na jina ni kama mtoto aliyetupwa. Nilikuwa najigamba. Siku ile nilipoliona jina lako pale niligeuka kuona ni nani mwingine amelisoma.

Mwenye Geti alinipigia simu kabla sijafika nyumbani.

"Fundi, kuna uchafu kwa ukuta wangu. Kuja unifutie leo leo. Na ukisikia ni nani, niambie, kuna watu wa kumshughulikia."

Nikasema, "Sawa, Mzee."

Sitakudanganya. Nilikubali kabla sijafikiria. Sababu nzuri zilikuja baadaye, nikiwa njiani na ndoo: kwamba nikikataa atamwita mwingine, kwamba huyo mwingine atasoma kona, kwamba ni afadhali mimi. Zote ni kweli. Lakini neno sawa lilitoka kabla ya hizo zote, kwa sababu nimelizoea.

Nilianza na jina lako. Hapo nilifanya kazi kama nilivyofundishwa. Nikasugua kwa msasa mpaka saruji ikaonekana, nikapaka rangi ya chini, nikaacha ikauka, nikapiga rangi ya juu mara mbili. Askari wa godauni alikuwa amekaa kwenye kreti ananiangalia.

"Mzee, mbona hiyo kona unaisugua sana hivyo?"

"Ina unyevu," nikamwambia.

Na baada ya hapo ndipo ulipokuja na chupa ya chai. Mama yako hakujua niko kazi gani, alikutuma tu. Niliona viatu vyako kwanza. Nilikuwa nimeshafika juu, yule mwanamke alikuwa amebaki kichwa na kiganja. Nilingoja useme neno. Ungenitukana mbele ya yule askari ningeshuka kwenye ngazi nikafurahi. Uliweka chupa chini, ukaangalia ukuta wote kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ukasema, "Baba, umeacha pale juu, kwa kona."

"Nimeona," nikakujibu.

Ukaenda. Ulisema kama fundi anavyomwambia fundi. Sijui ulikuwa unanichoma au unanihurumia, na tangu siku hiyo tumekula meza moja tukiongea habari za chumvi.

Sasa hili ndilo nililotaka kukuandikia, na ukilisoma ulichane, au ulimeze, fanya unavyotaka.

Unajua mwenyewe, nimekusomesha hivyo, kwamba rangi ya maji haishiki juu ya rangi ya mafuta. Lazima usugue kwanza, lazima uweke rangi ya chini. Bila hivyo inakaa kwa ajili ya macho tu, na mvua ikija inaanza kubambuka. Ile picha yako yote uliichora kwa rangi za mafuta kutoka kwenye hii benchi. Nami, toka pale kwenye kona ya jina kwenda mbele, sikusugua hata mahali pamoja. Nilitumia rangi ya maji ya bei ya chini, nikaichanganya na maji mpaka ikawa kama uji wa mgonjwa. Nilipaka mara tatu mpaka ikafunika. Mwenye Geti alikuja jioni na gari lake, akashusha kioo, akasema kazi nzuri.

Ilinipa shida, Nekesa. Huwezi kujua. Mkono wangu ulikuwa unataka msasa wenyewe. Siku ya Mama Shiru nilishindwa kuandika vibaya, na kuandika vibaya ndiko kungemwokoa. Nimebeba hilo miaka yote hii. Nimelilipa deni langu la kazi mbaya siku ambayo haimsaidii tena, na sijui kama ni ushujaa au ni woga uliovaa koti lingine. Nadhani ni woga. Mtu shujaa angemwambia Mwenye Geti hapana, na angemwambia hivyo zamani, akiwa juu ya ngazi ya lile geti. Mimi nilichoweza ni kumpunguzia rangi.

Ningekuwa mzazi wa maana ningekuambia usiende. Nimejaribu kuliandika hilo hapo juu mara kadhaa nimeshindwa, kwa sababu najua unaenda kufanya kile nilichokiona mimi nikakosa pa kukipeleka. Na pia siwezi kukuambia nenda. Sina ushauri ulionyooka, mwanangu. Kila nilichojifunza kinavutana na kingine. Lakini kama utakubali kitu kimoja kutoka kwangu, kichukue hiki: usiweke jina kwenye kona. Nilikufundisha vibaya, au nilikufundisha kwa ajili ya nchi nyingine. Acha watu waulize ni nani. Mimi nitajua. Herufi zako bado zinalala kidogo upande wa kushoto, popote nitakapoziona nitajua uko hai.

Ukikataa pia nitaelewa. Niliitazama ile kona nikiwa na msasa mkononi na nilijivuna, katikati ya kuogopa. Nilifuta jina letu huku najivuna. Hayo ndiyo mambo ya kuwa baba yako.

Mvua imenyesha wiki nzima, umeisikia juu ya mabati. Leo asubuhi nilipita nyuma ya godauni. Ile kona yako ni nyeupe, imekauka, haitarudi kamwe. Lakini katikati ya ukuta rangi imeanza kujikunja na kuanguka vipande vipande, na kitu cha kwanza kilichotokeza ni dhahabu. Mikuki mitatu, minne. Na jicho moja la mtoto. Wataniita tena, labda wiki ijayo, nipake upya, na safari hii atakuwa na mashaka, atasimama pale pale aangalie. Sijui nitafanya nini. Ningependa kukuambia kwamba najua.

Kesho tukienda kupanda gari tutapitia njia ile ya nyuma. Mama yako atalalamika kwa sababu ya matope, mwache. Tukifika kwenye godauni usisimame, askari ni yule yule. Tembea tu kama mtu anayechelewa gari, ugeuze macho kidogo upande wa kushoto. Mimi nitakuwa mbele yako nimebeba begi, na sitageuka nyuma mpaka utakapokuwa umemaliza kuangalia.

Ni mimi,
Baba